Mitungi ya gesi ya kujaza mwenyewe kwa karavani na gari-nyumba: tumetumia aina mbili na tumesafiri na mwenye ya tatu, haya ndo maoni yangu

Saa nane usiku, tumelala kwenye gari-nyumba letu milimani, nje barafu, hita ikazima. Nikamtikisa mzee, baba watoto, nikamwambia hebu amka ukaangalie gesi, akatoka na tochi, akarudi anatetemeka ananiambia "mtungi uko nusu mama, gesi ipo, hita ndo imekufa." Tukalala na makoti. Asubuhi jua limepiga kidogo tu, hita hiyoo ikawaka kama vile haijatufanyia kitu. Hita ilikuwa nzima kabisa, gesi ndo ilikuwa imetugomea, na ilinichukua siku kadhaa za kuuliza watu na kusoma mpaka nikaelewa kwa nini, nitafika huko.

Kwa ambao bado wanatumia ile mitungi ya kubadilisha, unarudisha mtupu unapewa uliojaa, tofauti yake ni kwamba huu wa kujaza ni mali yako. Unaingia sheli yenye pampu ya LPG (gesi ya mitungi, yaani propani na butani), ile ile wanayotumia magari ya gesi, unajaza kiasi unachotaka unaondoka. Watu wengi wananunua kwa sababu ya hela, na kweli gesi ya pampuni huwa rahisi kwa kilo, ila mfumo wenyewe mwanzoni ni ghali na kama unasafiri wiki mbili tatu za kiangazi kwa mwaka hiyo hela hairudi leo wala kesho. Mi naona faida kubwa iko kwingine: unaweza kujaza mtungi ukiwa na robo tatu. Ule wa kubadilisha unausubiri mpaka uishe kabisa, na kuisha kwake ni usiku siku zote, au unaurudisha na gesi ndani unampa mwenye duka zawadi. Huu mpya ukipita pampu unajazia, basi.

Kabla hujanunua chochote piga hesabu ya matumizi yako, sio ya jirani. Mtungi wa kilo 11 wa propani unaingia kama lita 21 za pampuni, ule wa kilo 6 unaingia 12 hivi. Friji ya gesi inakula kama gramu 300 kwa siku, kwa hiyo peke yake inaweza kukaa mwezi na zaidi kwenye mtungi mmoja. Jiko nalo si tatizo, moto mmoja ukiwa juu kabisa ni kama gramu 150 kwa saa na nani anapika saa nzima moto juu. Mlaji ni hita. Hita ya kilowati 4 ikifanya kazi bila kupumzika inameza zaidi ya gramu 300 kwa saa, maana yake kilo 11 zinakatika ndani ya siku moja na nusu! Bahati nzuri huwa inapumzika ikishapasha chumba, lakini kwenye baridi kali sisi tulikuwa tunamaliza mtungi kwa siku nne au tano. Ndo maana msafiri wa baridi na msafiri wa kiangazi wakishauriana kuhusu mitungi hawaelewani kabisa, kila mmoja anaongelea kitu kingine.

Sasa aina zenyewe.

Tulianza na mitungi miwili ya chuma, mtindo wa kampuni ya Gaslow, imefungwa kabatini moja kwa moja na imeunganishwa pamoja, halafu kuna mdomo wa kujazia umetobolewa ukutani mwa gari kwa nje. Unajaza mdomo mmoja mitungi yote inapata. Uzuri wake mkubwa ni amani ya sheli. Mhudumu akiona mdomo ukutani anachukulia kama gari lolote la gesi, hakuna maswali. Ubaya ni uzito, chuma kitupu tu tayari kina uzito wa kuzidi gesi yenyewe, na kwenye gari-nyumba ambalo kila kilo inahesabiwa (sisi tumewahi kupimwa na tukabaki na nafasi ya begi moja tu, usiniulize ya nani ilibaki) hiyo si kitu cha kupuuza. Kwenye karavani ndo mbaya zaidi kwa sababu kabati la gesi mara nyingi liko mbele kabisa, uzito wote unalalia kwenye ndoano ya gari linalovuta. Kuna mitungi ya alumini kama Alugas, mfumo ule ule ila myepesi zaidi kwa mbali, na kama mfuko unaruhusu mi ningeenda huko moja kwa moja nisipite kwenye chuma.

Wa pili ulikuwa wa nyuzi za kioo na plastiki, Safefill ndo jina watu wengi wanalijua. Huu ni mwepesi, haupati kutu, na kitu kilichonifurahisha kama mtoto, unaona gesi ndani! Unamulika tochi kwa nyuma unaona mstari wa kimiminika umefika wapi, hakuna kubahatisha. Mdomo wa kujazia uko kwenye mtungi wenyewe kwa hiyo hakuna kutoboa gari, ukiuza karavani unaondoka nao. Tatizo liko sheli. Vituo vingine wakiona mtu ameshika mtungi mkononi anaelekea pampuni wanakataa hapo hapo, na siwalaumu sana kwa sababu hawawezi kujua kwa macho kama mtungi wako una kizuizi cha kujaza au ni ule wa kawaida. Tuliwahi kukataliwa vituo viwili mfululizo siku moja, cha tatu kijana akauangalia, akausoma maandishi yote, akasema haya jaza. Kwa hiyo kama njia yako unaijua na kituo unakijua, huu ni raha. Kama unaenda usikokujua, utakuwa unajieleza sana.

Hapo kwenye kizuizi nisimame kidogo maana kuna watu wanafanya mchezo. Mtungi halali wa kujaza una valvu ya boya ndani inayokata ukifika asilimia 80. Ile 20 iliyobaki si kwamba umepunjwa, ni nafasi ya gesi kutanuka, LPG ikiwa kimiminika inatanuka na joto kupita maji kwa mbali, na mtungi uliojaa mpaka juu ukipigwa na jua hauna pa kupeleka hiyo presha. Mtungi wa kubadilisha HAUNA hiyo valvu, unajazwa kiwandani kwa kupimwa kwenye mizani. Kuna adapta zinauzwa mtandaoni za kuujazia pampuni, tafadhali usinunue, kwanza mtungi si wako ni wa kampuni, pili ni bomu.

Aina ya tatu hatukuwa nayo sisi, ni shemeji yangu, tenki limefungwa chini ya chasisi. Tulisafiri nao mwezi mzima kwa hiyo naweza kusema. Gari linatulia barabarani kwa sababu uzito uko chini, kabati la gesi linakuwa stoo ya viatu, na gesi ni nyingi hasa. Lakini ukikwama sehemu isiyo na pampu umekwama kweli, huwezi kulitoa wala kubadilisha, na kwenye njia za mawe alikuwa anaendesha huku amekunja uso. Pia ukinunua tenki la aina hii hakikisha ni la kutoa gesi na sio kimiminika, maana matenki ya kuendeshea injini hutoa kimiminika, na kimiminika kikienda kwenye jiko lako hiyo habari nyingine.

Turudi kwenye ule usiku wa barafu. LPG ya pampuni si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa propani na butani, na kiasi cha kila moja kinabadilika kwa nchi na kwa msimu. Propani inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri kwa hiyo hata kwenye baridi inatoka mtungini vizuri. Butani inachemka karibu na sifuri yenyewe, baridi ikishuka hapo inakaa kimya chini ya mtungi kama maji. Sasa sisi tulikuwa tumejaza bondeni kwenye joto, huko butani huwekwa nyingi zaidi, tukapanda milimani. Propani ndo inayotoka kwanza, kwa hiyo kadri tunavyochoma inayobaki inazidi kuwa butani tupu, mpaka ule usiku geji inasema nusu, na kweli nusu ipo, ila ni nusu isiyotoka. Jua lilipopasha kabati ikatoka. Mzee mpaka leo anasema yeye alikuwa sahihi gesi ilikuwepo, sawa baba watoto, ilikuwepo.

Tangu siku hiyo tunafanya hivi, tukijua tunaenda kwenye baridi tunaimaliza gesi ya bondeni kadri inavyowezekana na tunajaza kituo cha karibu na huko huko juu, maana wanaouza gesi sehemu za baridi wanaiweka propani ya kutosha. Mwenye mtungi wa kubadilisha hana hili tatizo akichagua ulioandikwa propani. Hii ni alama moja kwao, nawapa.

Geji nazo zisikudanganye. Ile yenye mshale juu ya mtungi inakupa makadirio tu, na ya kwetu ilikuwa na tabia ya kukaa robo tatu siku nyingi halafu inaanguka ghafla kama lifti. Geji ya presha ndo haina maana kabisa kwa kujua kiasi, presha inafuata joto sio wingi, mtungi uliojaa na ulio karibu kuisha vinasoma sawa mpaka dakika za mwisho. Mizani ndo haidanganyi. Kuna vifaa vya sauti vinavyogusishwa pembeni ya mtungi, kwenye chuma na alumini vinafanya kazi vizuri, kwenye ule wa plastiki havifanyi, lakini ule si unaona mwenyewe.

Jambo jingine ambalo duka liliniuzia mtungi na likasahau kuniambia ni mipira ya kupitishia gesi. Gesi ya pampuni inabeba mafuta mafuta fulani, na mipira ya kawaida nayo inaweza kutoa uchafu wake, ukichanganyika unaenda kuziba regulata, kile kifaa cha kushusha presha ya gesi. Sisi regulata ya kwanza ilikufa hivyo, ukiifungua ina ute wa njano. Weka mipira ya chuma cha pua, weka filta, na regulata ifungwe ukutani JUU ya mtungi ili huo ute ukijitengeneza urudi mtungini badala ya kushukia kwenye regulata. Na angalia milibaa zako, yaani presha ya gesi ambayo vifaa vyako vinataka, magari ya Ulaya ya kuanzia 2003 hivi mengi ni 30 kwa propani na butani zote, ya zamani yanatofautiana, usifunge tu kwa sababu imeingia. Kama unapenda kuwasha hita huku unaendesha utahitaji pia regulata yenye kihisi cha ajali, kile kinachokata gesi gari likigonga.

Adapta sasa, ukivuka mipaka. Midomo ya pampu haifanani: Uingereza na Uholanzi ni ile ya kusukuma na kuzungusha, Ujerumani na Ubelgiji unafunga kwa kuzungusha kama skrubu (wanaiita ACME), Ufaransa na Italia ni ya kisahani, Hispania wana yao nyembamba. Seti ya adapta haina uzito wowote, nunua yote siku ya kwanza. Na Uingereza vituo vingi vimeondoa pampu za LPG miaka ya karibuni, kwa hiyo huko usisubiri robo, ukiona pampu jaza.

Kujaza kwenyewe hakuna ujuzi. Zima friji kabla hujaingia sheli, hiyo watu wanasahau sana na ni moto unaowaka nyuma ya ukuta, zima hita, funga koki za mitungi, vaa glovu kwa sababu inaganda, bonyeza kitufe cha pampu na usikiachie mpaka ikate yenyewe. Ukichomoa itapiga pshh kidogo, mara ya kwanza niliruka, ni kawaida.

Mi kwa sasa tumebaki na mmoja wa alumini wa kujaza wenye mdomo ukutani, na pembeni yake mmoja mdogo wa kubadilisha wa propani kama akiba. Mzee alitaka miwili ya kujaza ili ionekane imekamilika, nikakataa, pampu zikikosekana ile miwili yote inakuwa mapambo. Kwa mwenye karavani ndogo anayetoka kiangazi tu ningemwambia abaki na wa kubadilisha, au achukue mmoja wa plastiki kama ana kituo anachokijua kinachomkubalia. Tenki la chini waachie wanaoishi barabarani.

Halafu kile kifuniko cha mdomo wa nje kifunge na kamba, sisi tumepoteza viwili, vyote tumeviacha juu ya pampu.