TAHADHARI: Nakala za kuskaniwa zinauzwa kama historia za kaunti za miaka ya 1880

Ndugu mnaokusanya vitabu vya mtumba vya historia za kaunti na miji ya Marekani na Kanada, kuna wauzaji mtandaoni wanaotangaza kitabu "cha mwaka 1882" halafu wanakutumia nakala iliyochapwa wiki iliyopita. Tangazo lina picha moja tu, ya jalada la ngozi. Itafute picha hiyo mtandaoni na mara nyingi utaikuta kwa wauzaji wengine wawili watatu, kila mmoja na bei yake. Muuzaji wa aina hii hana kitabu mkononi. Ukishalipa ndipo anaagiza kichapwe.

Biashara hii ina chanzo chake. Mwaka 1876 Marekani ilipotimiza miaka 100, Bunge lake na Rais Ulysses S. Grant walihimiza kila mji na kaunti iandike historia yake. Wachapishaji kama L. H. Everts wa Philadelphia wakatuma mawakala kuandikisha wanunuzi kabla kitabu hakijatoka, na matajiri wa kaunti wakalipia picha zao ziwekwe ndani. Nakala zilitosha waliojiandikisha na si wengi zaidi, ndiyo maana asili ni ghali. Siku hizi hakimiliki zimekwisha, maktaba zimeviskani, na vingi vinasomwa bure kwenye maktaba za mtandaoni za Internet Archive na HathiTrust. Kuvichapa upya ni halali kabisa. Wizi ni kumtoza mtu bei ya asili.

Usiridhike na mwaka ulio kwenye ukurasa wa jina la kitabu, kwa sababu nakala huubeba vilevile ulivyo. Omba picha ya nyuma ya ukurasa huo na ya ukurasa wa mwisho kabisa. Kitabu chenye ISBN (namba ya utambulisho ya vitabu vya siku hizi) hakiwezi kuwa cha karne ya 19, na nakala za kuchapwa kwa oda mara nyingi huwa na msimbo wa mistari mwishoni, pamoja na mahali na tarehe ya kuchapwa. Angalia pia mhuri wa maktaba. Katika nakala ya kuskaniwa mhuri una weusi uleule wa maandishi, na hata alama za penseli za msomaji wa zamani zimechapwa. Karibu na mshono kuna kivuli cha kijivu. Mara nyingine kidole cha aliyeskani kimebaki ukurasani. Picha za watu zimegeuka madoa meusi. Ramani ya kukunjwa ndiyo hasara kubwa kuliko zote: wakati wa kuskani mara nyingi haikukunjuliwa, kwa hiyo unapata kipande cha ramani, au hupati kitu.

Mbaya zaidi ni zile ambazo kompyuta imesoma maandishi na kuyapanga upya. Burns anakuwa "Bums", safu za majina ya askari zinachanganyika, na namba za kurasa hazilingani tena na faharasa. Kwa anayefuatilia ukoo, hiyo ni karatasi ya kufungia karanga.

Kuna toleo la tatu, nalo si utapeli likitajwa wazi: nakala zilizotolewa upya na vyama vya historia vya wenyeji, nyingi katika miaka ya 1970. Karatasi ni nzuri na mara nyingi waliongeza faharasa ya majina yote, kitu ambacho vitabu vya awali kwa kawaida havikuwa nacho. Kwa hiyo ukiona tangazo linasifu "asili ya 1882, ina faharasa ya majina yote", uliza maswali.

Hata asili nayo inaweza kuwa imenyofolewa. Kurasa za picha hazihesabiwi katika namba za kurasa, hivyo kitabu kinaweza kutimia kuanzia 1 hadi 784 huku picha 20 zimekatwa na kuuzwa moja moja. Linganisha orodha ya picha iliyo mwanzoni na maelezo ya kitabu hicho kwenye WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba nyingi duniani. Kisha fungua mshono: kishina chembamba cha karatasi ni alama ya wembe. Mara nyingine utakuta ukurasa una kivuli cha kahawia cha uso wenye ndevu, na picha iliyoutia kivuli hicho haipo. Atlasi za kaunti, kama zile za Ontario, Kanada, zilizochapishwa na H. Belden, ndizo zinazoumizwa zaidi, maana kila ramani ina mnunuzi wake wa kuitundika ukutani.

Kabla ya kulipa, taka picha ya ramani ikiwa imekunjuliwa, pembeni yake kuna karatasi yenye tarehe ya leo. Asiye na kitabu ataanza visingizio. Usilipe kwa kadi za zawadi, wala PayPal kwa njia ya kumtumia rafiki au ndugu, kwa sababu njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi.

Kama umeshapokea nakala feki, piga picha za bahasha, lebo na ukurasa wa mwisho, na ufungue malalamiko ndani ya jukwaa lenyewe siku hiyohiyo, ukieleza kwamba kitabu si kama kilivyotangazwa. Muuzaji atakuomba umvumilie wiki mbili tatu, au atakurudishia nusu ukifuta malalamiko. Kataa yote mawili, maana anasubiri muda wako wa kudai upite.