TAHADHARI: "Wakala" anayesafirisha baiskeli za mashindano kwenda Marekani kwa bei ya kutupa

Wanabaiskeli wenzangu, hasa ninyi vijana mliopata nafasi kwenye mbio za changarawe (zile za baiskeli kwenye barabara za vumbi na kokoto) kule Marekani, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi moja. Kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook ya waendesha baiskeli, kuanzia Nairobi hadi Nakuru, Eldoret na Iten, akijitangaza kuwa wakala wa mizigo. Anaahidi kuichukua baiskeli yako mlangoni na kuifikisha Emporia, Kansas, wiki moja kabla ya mbio za Unbound, kwa shilingi 12,000. Bei hiyo, anasema, ina kila kitu ndani yake: ndege, bima na forodha. Vijana wawili wa klabu yetu walimwamini. Mmoja amepoteza pesa. Mwingine amepoteza pesa na baiskeli.

Namba yake siiweki hapa kwa sababu hubadilisha laini kila mara, na mkiikariri namba moja mtadhani ile nyingine ni salama. Ijueni mbinu yake.

Huanza kwa upole. Anayajua mashindano kwa majina na tarehe, anakuuliza fremu yako ni saizi gani, gia ni za kebo au za umeme. Ukiongea naye dakika kumi utaamini amekulia kwenye duka la baiskeli. Kisha anaomba amana ya nusu "ili nafasi kwenye ndege isichukuliwe na mwingine", na siku ya pili anamtuma mtu wa boda kuichukua baiskeli. Ikishatoka mkononi mwako, madai yanaanza: kwanza forodha ya Marekani, halafu bima iliyokuwa tayari ndani ya bei, halafu gharama ya ghala kwa kuwa eti umechelewesha ile forodha. Kila dai mwisho wake ni leo jioni. Kijana aliyekwisha kupata viza, tiketi imelipwa kwa mchango, na nyumbani kila mtu anajua anasafiri, atakopa alipe. Mwizi huyu anajua hivyo, na ndipo anapobana. Tangu marehemu Suleiman Kangangi, mwanabaiskeli wa Kenya, na wenzake wa timu ya Team Amani watuonyeshe kwamba mpanda baiskeli wa Afrika Mashariki anaweza kusimama kwenye mstari mmoja na bora wa dunia, vijana wetu wanajinyima sana kufika huko. Kumvizia mtu pale pale kwenye ndoto yake ni ukatili.

Sasa tuiangalie hiyo bei, maana yenyewe inamuumbua. Mzigo wa ndege hautozwi kwa kilo za mizani peke yake. Kama mzigo ni mwepesi lakini umechukua nafasi kubwa, unatozwa kwa uzito wa ujazo: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 6,000. Boksi la kawaida la baiskeli lina kama sentimita 140 kwa 80 kwa 25. Hizo ni 280,000. Ukigawa unapata karibu kilo 47, ingawa kwenye mizani baiskeli na boksi lake hazifiki hata kilo 20. Kampuni za vifurushi kwa kawaida hugawa kwa 5,000, na hapo boksi hilo hilo linakuwa kilo 56. Gawa shilingi 12,000 kwa kilo 47: ni kama shilingi 255 kwa kilo, na ndani yake atoe forodha, bima na gari la kuufikisha mzigo hadi mji mdogo katikati ya Kansas. Pigia simu wakala yeyote mwenye ofisi pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, umtajie bei hiyo, usikie atakachokujibu.

Jambo la pili ni karatasi. Kijana wetu mmoja alipoanza kuuliza maswali, alitumiwa picha ya hati ya mzigo ya ndege, ile inayoitwa AWB, yenye nembo na muhuri, safi kabisa. Namba yake ilianza na 706, ambayo kweli ni ya Kenya Airways. (Ethiopian ni 071, Emirates 176, Qatar 157, KLM 074.) Baada ya tarakimu hizo tatu hufuata nyingine nane, na ya mwisho kati ya hizo nane haiwekwi kwa kubahatisha. Chukua zile saba za mbele, gawa kwa 7, na baki unayopata ndiyo lazima iwe tarakimu ya nane. Kwa mfano 1234567 ukigawa kwa 7 baki ni 5, kwa hiyo namba sahihi ingekuwa 12345675. Ukigawa kwa 7, baki haiwezi kuzidi 6. Kwa hiyo namba ya AWB inayoishia na 7, 8 au 9 ni ya uongo, huhitaji hata kikokotoo. Ya yule bwana iliishia na 9.

Na hata hesabu ikikubali, usiishie hapo, maana anayeijua hesabu hii anaweza kubuni namba inayopita. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya mizigo ya shirika la ndege, andika namba, uone kama mzigo umepokelewa. Usibonyeze kiungo anachokutumia yeye; kile kinafungua ukurasa alioutengeneza, nao utakuambia mzigo wako uko njiani siku zote.

Picha nayo iangalieni. Ile aliyotuma kama ushahidi kwamba baiskeli imefika ghalani ilionyesha baiskeli imesimama kwa stendi, pedali zikiwa mahali pake na usukani umenyooka. Baiskeli iliyo tayari kwa ndege huwa imefunguliwa pedali, usukani umegeuzwa, gurudumu la mbele limetolewa, na yote yamefungwa ndani ya boksi.

Kwa anayetafuta unafuu wa kweli, njia ni moja na haina wakala: safiri na baiskeli yako kama begi lako. Inapita forodha pamoja na wewe kama kifaa chako cha mchezo, wakati baiskeli inayotangulia peke yake kama mzigo inahitaji nyaraka na mtu wa kuipokea kule. Mashirika mengi huihesabu kama begi la kawaida ikiwa haizidi kilo 23. American na Delta waliondoa ada maalum ya baiskeli mwaka 2019. Mengine bado hutoza, kwa hiyo soma kanuni za shirika lako kabla ya kununua tiketi, kisha uwajulishe mapema kwamba una baiskeli. Jitahidi safari yote iwe kwenye tiketi moja, tangu Nairobi hadi Kansas City. Ukinunua tiketi mbili tofauti, ukifika New York utachukua boksi, utaanza upya na shirika la pili, na unaweza kulipia tena.

Boksi la katoni usinunue kwa bei ya juu. Maduka ya baiskeli hupokea baiskeli mpya ndani ya maboksi hayo na mengi huishia kutupwa. Ongea na fundi wako wiki chache kabla. Funga sponji kwenye fremu, weka kipande cha plastiki au mbao katikati ya uma wa mbele usije ukabanwa, na gia ya nyuma ifungue uining'inize ndani ya pembetatu ya fremu, kwa sababu ndiyo huvunjika kwanza. Betri za gia za umeme zinazochomoka zibebe mkononi, si ndani ya boksi. Vimtungi vya gesi vya kujazia upepo viache, utavinunua kule. Na tafadhali osheni matairi mpaka udongo uishe. Maafisa wa Marekani huuliza kuhusu udongo, na hakuna haja ya kukwama uwanjani kwa sababu ya tope la Ngong.

Kabla ya kufunga boksi, piga picha ya namba ya fremu. Mara nyingi iko chini, pale mhimili wa pedali unapopita. Iweke pamoja na risiti ya ununuzi. Itakusaidia kwa KRA, mamlaka ya kodi na forodha ya Kenya, ukirudi, na ikiibwa ndiyo itakayothibitisha kwamba ni yako.

Ikiwa lazima utumie wakala, mwulize leseni yake ya forodha kutoka KRA na jina la kampuni, ulitafute jina hilo kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha nenda ofisini kwake kwa miguu yako. Malipo yaende kwa jina la kampuni. Jina linalotokea kwenye Hakikisha (pale M-Pesa inapokuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaenda) likiwa la mtu binafsi usiyemjua, simamisha hapo hapo.

Kwa aliyetuma pesa leo: peleka ujumbe wa M-Pesa wa malipo hayo kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, sasa hivi, kabla hajazitoa. Namba yake iripoti kwa Safaricom kupitia 333, kisha nenda kituo cha polisi upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Usimtangazie kwamba umemgundua mpaka uwe umehifadhi mazungumzo yote, kwa maana hufuta ujumbe wake.

Baiskeli iliyopotea ni ya changarawe, fremu ya kaboni rangi ya kijani iliyokolea, saizi 54, yenye mkwaruzo mrefu upande wa cheni. Mkiiona inauzwa mtandaoni au dukani, msibishane na muuzaji. Pigeni picha, hifadhini tangazo, mniandikie mimi faraghani, nami nitaipeleka kwa afisa anayeshughulikia kesi. Na kama nawe umeibiwa na mtu wa mbinu hii, niletee namba yako ya OB, tuziunganishe kesi ziwe faili moja.