TAHADHARI: Kadi za safu 80 za Apple IIe zinazouzwa kama za kilobaiti 64

Mnaotafuta kadi ya kuiongezea Apple IIe (kompyuta ya Apple ya 1983) uwezo wa picha, kuweni macho. Kuna wauzaji kwenye minada ya mtandaoni wanaotangaza "safu 80, kilobaiti 64, tayari kwa Double Hi-Res" (hali ya picha zenye nukta nyingi zaidi), kisha mnunuzi anafungua kifurushi na kukuta kadi ya kilobaiti 1.

Apple yenyewe ilitoa kadi mbili, na zote huchomekwa kwenye sloti ileile ya ziada yenye pini 60. Zote huonyesha herufi 80 kwa mstari, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Ya kilobaiti 1 inatosha maandishi, basi. Iliyoandikwa Extended ndiyo yenye kilobaiti 64, inaifikisha mashine kilobaiti 128 na kuwezesha Double Hi-Res: nukta 560 kwa 192 bila rangi, au 140 kwa 192 kwa rangi 16.

Kwa hiyo picha ya skrini iliyojaa safu 80 baada ya kuandika PR#3 (amri ya kuwasha safu 80) haithibitishi chochote. Dai video inayoanza mfuniko ukiwa wazi, kadi ikionekana. Muuzaji awashe kwa diski ya ProDOS (mfumo endeshi wa Apple II), aingie BASIC, aandike CAT /RAM, yaani amri ya kuorodhesha faili. Memori ya ziada ikiwepo, ProDOS huigeuza diski iitwayo /RAM, na orodha yake itatokea hata kama ni tupu. Kwa kadi ya kilobaiti 1 utaona PATH NOT FOUND.

Dai pia picha ya chipu bila stika juu yake. Kadi ya Extended ya zamani ina chipu nane za 4164. Kila moja ni kilobiti 64, kwa hiyo nane ni kilobaiti 64. Matoleo mafupi ya baadaye yana chipu mbili za 64K kwa biti 4, yaani kilobiti 256 kila moja. Akikataa kupiga picha hiyo, achana naye. Akisema "haijajaribiwa", usilipe zaidi ya bei ya kadi ya kilobaiti 1.

Wanaouziwa mashine nzima wasome namba ya bodi kuu. 820-0064-A ni toleo A, lile la mwanzo la 1983, na haliwezi Double Hi-Res hata ukiipa kadi halali. Mbaya zaidi, ukiiacha jampa (kiunganishi kidogo) kwenye pini mbili za kadi ya Extended, bodi hiyo haifanyi kazi kabisa. Wapo wanaorudisha kadi nzima wakidhani imekufa, kumbe ni jampa tu! Iondoe, utapata kilobaiti 128 na safu 80. Double Hi-Res inahitaji toleo B au la baadaye, jampa ikiwa mahali pake.

Kabla ya kuchomeka, zima swichi, hakikisha taa ndogo nyekundu ya bodi imezimika, kisha gusa kasha la chuma la pawasaplai. Rekodi ufunguzi wa kifurushi tangu gundi haijakatwa, na lipa kwa njia inayokuruhusu kudai fedha zako.