The Searchers: steringi wa kutisha, programu ya hovyo

Bado nina hasira. Juzijuzi nimelipia The Searchers, picha ya kauboi ya John Ford ya mwaka 1956, kwenye programu moja ya kukodisha filamu. Mwisho kabisa John Wayne kasimama mlangoni, nje jua kali, ndani giza tupu. Wenzake wote wameshaingia, yeye hakuna aliyemkaribisha. Kajishika mkono, anageuka aondoke. Papo hapo picha ikanywea ikawa kijisanduku pembeni, skrini ikajaa tangazo la filamu ya vichekesho, inaanza sasa hivi! Nahangaika na rimoti kuirudisha, mlango umeshafungwa.

Jamani, filamu nzima inasafiri kuufikia mlango ule! Inaanza gizani, mlango unafunguliwa, mama mwenye nyumba anatoka kivulini na miamba myekundu ya Monument Valley inakujaa machoni. Hadithi inasema ni Texas, kumbe ni nchi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, mpakani mwa Arizona na Utah. Sijali. Farasi wakipita chini ya miamba ile wanaonekana kama sisimizi.

Na Ethan Edwards huyu anayechezwa na Wayne si steringi wa kushangilia. Vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani imekwisha miaka mitatu, yeye bado anavaa koti la jeshi lililoshindwa. Wakomanchi, kabila jingine la wenyeji wa asili, wanamteka Debbie, mtoto wa kaka yake. Anamsaka miaka na miaka, halafu unagundua anamsaka amuue, kwa kuwa ameshakuwa mmoja wao. Kuna maiti ya Mkomanchi wanaikuta kaburini: Ethan anaitoboa macho kwa risasi, makusudi, ili kwa imani yao roho isifike nchi ya mizimu. Mpaka leo uso ule wa Wayne haujanitoka.

Nilikuwa naipa nyota tano. Kisha nikakumbuka Martin, kijana anayemsaka Debbie pamoja na Ethan: mkewe Mkomanchi anampiga teke, anabingirika mlimani, na tunatakiwa tucheke. Hapana. Tatu. Lakini Ethan anapomkamata Debbie na kumnyanyua juu kwa mikono miwili, nawe hujui atamfanya nini... basi, tano, siwezi kuidhulumu.

Programu ni sifuri. Nimedai hela yangu, huduma kwa wateja wananijibu filamu ilionyeshwa hadi mwisho. Mwisho upi?