Kabla ya kulipia ufuo wa siku moja, uliza unatazama wapi

Bangili yangu ya fedha, aliyoniachia marehemu mama, iliingia weusi ndani ya siku moja. Nilikuwa nimeivaa Mahahual, kule Meksiko, bandari ambayo makampuni ya meli za kitalii huiuza kwa jina la Costa Maya. Ilikuwa mwezi wa Juni. Tulishuka melini saa mbili asubuhi, mimi, mume wangu, wanangu wawili na wifi yangu aliyekuja Houston kututembelea kutoka Kisauni. Wiki sita kabla ya safari nilikuwa nimelipia klabu ya ufukweni kwa siku nzima: vitanda, mwavuli, chakula na vinywaji, dola 65 kwa mtu mzima. Kwenye picha zao maji yalikuwa ya rangi ya feruzi.

Tulichokikuta ni tuta la mwani wa kahawia lililonifika magotini, limelala ufukweni mpaka macho yanapoishia. Vijana wawili wenye reki na toroli walikuwa wakizoa upande huu, na bahari inaleta mwingine upande ule. Harufu ilikuwa ya mayai viza hasa. Wifi yangu ni mtu wa pwani, mwani ameuona tangu utotoni, lakini alijifunika pua kwa mtandio akaniuliza, "Wifi, hapa ndipo ulipolipia?"

Mwani ule ukioza hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ile ile ya yai viza, na fedha ikikutana na gesi hiyo hugeuka nyeusi. Jioni chumbani nilipoivua bangili nilidhani ni mafuta ya jua. Nimeisugua kwa magadi na bado kwenye nakshi weusi umekaa.

Pesa sikurudishiwa. Kijana wa mapokezi alinionyesha mstari chini kabisa ya risiti unaosema hali ya bahari haiwahusu. Nakubali kwamba bahari si yao. Lakini kila alfajiri walikuwa wakiuona mwani ule, walikuwa wameajiri watu wa kuuzoa, na wiki ile ile waliendelea kuuza tikiti kwa picha ya maji safi. Hilo sijalisamehe, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu kwa ndugu zangu wa Texas na kwingineko wanaopanda meli Galveston na kutaka kujipangia siku yao ya ufukweni bila kununua safari inayouzwa melini.

Sitazungumzia weupe wa mchanga wala utamu wa chakula. Hayo kila tovuti inayo. Nina swali moja ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunijibu kabla sijamuuliza: ufuo huu unatazama upande gani?

Karibi hupigwa mwaka mzima na pepo kutoka mashariki, zile tulizofundishwa shuleni kuwa pepo za biashara. Tangu mwaka 2011 pepo na mikondo hiyo imekuwa ikisukuma mkanda mkubwa wa mwani unaoelea, sagasamu, ambao miaka mibaya hutanda kuanzia karibu na Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Meksiko. Mwani huu haushiki mizizi popote. Unaelea kwa vifuko vidogo vya hewa mfano wa zabibu, na unafika ufukweni kwa wingi kati ya Aprili na Agosti, miezi ile ile ambayo watoto wamefunga shule nasi tumepata likizo. Ufuo unaotazama mashariki unaupokea wote. Ufuo wa magharibi wa kisiwa hicho hicho, kilomita chache tu upande wa pili, unaweza kuwa safi kabisa siku hiyo hiyo.

Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa sana. Kusi ikivuma, mwani hutupwa Nyali na Bamburi, na mtu wa Unguja anajua bahari ya Paje na bahari ya Kendwa si bahari moja. Huku ugenini tunaiweka elimu hiyo pembeni kwa sababu tikiti imechapishwa vizuri.

Kwa hiyo, kabla hujatoa kadi ya benki, fungua ramani kwenye simu, tafuta klabu unayotaka kulipia, na uangalie bahari iko upande gani wa barabara. Ni kazi ya dakika moja. Kisha soma taarifa ya mwani ambayo Chuo Kikuu cha South Florida huitoa kila mwezi kutokana na picha za setilaiti. Imeandikwa kitaalamu, ila ramani yake inaeleweka: pale palipo na rangi kali ndipo penye mzigo.

Sasa nazipanga bandari kama ningezilipia mimi.

Ya kwanza ni Cozumel, kisiwa cha Meksiko, upande wa magharibi, na hapo namtaja ninayempenda waziwazi: Mr. Sanchos. Meli zote hutia nanga upande huo huo wa magharibi, kisiwa chenyewe kinauzuia upepo, na mwani mwingi hukwama pwani ya mashariki isiyo na watu. Klabu iko kilomita 15 kusini mwa mji. Kutoka gati la Puerta Maya ilituchukua kama dakika 15 kwa teksi, na tulitoa dola 20 kwa watu wote. Bei za teksi hupangwa kwa kanda na hubandikwa gatini, kwa hiyo piga picha lile bango kabla hujapanda na utulie.

Ninachokipenda pale ni jinsi unavyoingia majini. Sehemu nyingi za magharibi mwa Cozumel, hasa karibu na mji, ukingo ni jabali lenye meno, unashukia ngazi kama kisimani. Pale Mr. Sanchos tulikanyaga mchanga. Mama mkwe wangu ana miaka 71 na goti lake si zima. Safari ya pili tulipokwenda naye aliingia baharini kwa miguu yake, akakaa maji yakimfika kifuani, leso imefungwa imara, akakataa kutoka mpaka chakula kilipopoa. Watoto hulipa pungufu, na bwawa lipo kwa siku ambayo bahari haitulii.

Ukitaka utulivu zaidi kuna klabu ya Nachi Cocom mbele kidogo, wanaopokea watu wachache kwa siku. Hawa nao wanatazama magharibi. Ila weka nafasi mapema, na usiende na watoto wenye nguvu kama wangu.

Hapa nina malalamiko, na nitayasema. Klabu nyingi za Karibi zinauza tikiti ya kila kitu ambayo nusu ya thamani yake ni pombe. Sisi hatunywi. Familia ya watu wazima watatu wasiokunywa inalipa bei ile ile na meza ya jirani yenye ndoo ya bia. Nimewaandikia wauzaji watatu tofauti kuomba tikiti ya wasiokunywa, na mmoja tu ndiye aliyejibu, akanishauri ninywe maji ya matunda mengi. Wanaosafiri na wazee wa msikitini au wa kanisani waulize swali hili kwa maandishi kabla ya kulipa arbuni, maana tukiuliza wengi watasikia.

Na wenye meli nao. Siku ile ile ya Cozumel, kaunta ya melini ilikuwa ikiuza ufuo wa jirani, mchanga ule ule, kwa karibu mara mbili ya nilicholipa, pamoja na basi la kusubiriana. Fuo za Meksiko kwa sheria ni mali ya taifa. Kinachouzwa ni kiti, kivuli na sahani. Kitu kimoja cha haki wanachokupa melini ni kwamba safari yao ikichelewa, meli itawasubiri. Wewe uliyejipangia haikusubiri. Kwa hiyo fuata saa ya meli, si saa ya simu. Pwani hii ya Meksiko haibadilishi saa, na Texas hubadilisha: kiangazi saa zinalingana, lakini majira ya baridi Cozumel iko mbele kwa saa moja. Roatán, kisiwa cha Honduras, ni kinyume, kiangazi iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu inayojirekebisha yenyewe itakuambia bado una muda ambao huna. Mimi huvaa saa ya mkono siku ya bandari, na teksi ya kurudi naipanda saa mbili kabla ya meli kung'oa nanga.

Ya pili ni Grand Cayman, Seven Mile Beach. Inatazama magharibi, maji yake ni ya kuona vidole vya miguu, na ufuo ni wa umma. Pale hulipi klabu. Toka gatini George Town, tembea mpaka kituo kilicho karibu na maktaba, panda basi dogo la abiria linaloelekea West Bay. Ni matatu bila muziki. Usishuke mwanzo kabisa, kwa sababu ncha ya kusini mchanga umeliwa na mawimbi. Endelea mpaka katikati.

Imekuwa ya pili kwa sababu mbili. Hakuna gati la meli kubwa, abiria hushushwa kwa mashua, na mwezi Aprili 2025 wananchi walipiga kura wakakataa kujengewa. Ni haki yao, bahari ni yao, lakini foleni ya mashua itakula saa moja na nusu ya siku yako kwenda na kurudi. Sababu ya pili ni dola. Dola ya Cayman ina thamani ya dola 1.20 za Marekani, na mwenye vitanda aliponiambia "thelathini" hakusema za nani. Kwenye kadi zilikatwa 36. Mwavuli ulikuwa haumo. Uliza "dola za wapi?" kabla hujakaa.

Ya tatu ni West Bay ya Roatán, si ile ya Cayman. Upande ni sahihi, na matumbawe yako karibu kiasi kwamba mtu anayejua kuogelea anayafikia kutoka ufukweni kwa miwani yake tu. Lakini kuna usubi, wadudu wasioonekana wanaouma zaidi penye mchanga usiopata upepo, na alama zao huwasha siku tatu. Paka mafuta ya nazi kwa wingi miguuni, wenyeji wenyewe ndivyo wanavyofanya. Bei ya teksi patana kwenda na kurudi kwa pamoja, na ulipe mkirudi.

Za bei nafuu ni chache. Progreso, kule Yucatán, unatoka gatini kwa basi la bure, gati lenyewe refu kupita kiasi, kilomita sita na nusu, na ufuo wa mji hauna kiingilio. Ni Ghuba ya Meksiko, maji ni ya kijani na yametibuka. Kwa mwenye bajeti ndogo panatosha. Belize City usitafute ufuo mjini.

Ya mwisho ni Costa Maya. Ufuo wote wa Mahahual unatazama mashariki, wala hakuna klabu pale inayoweza kuugeuza. Kuanzia Novemba hadi Februari naweza kukubali, tena kwa kulipa ukifika na kuyaona maji kwa macho yako. Kati ya Aprili na Agosti silipii hata kiti.

Hata magharibi nako kuna siku zake. Majira ya baridi ubaridi wa Marekani hushuka na upepo wa kaskazini, wenyeji wanauita *norte*, na huo huipiga Cozumel na Seven Mile Beach usoni. Nahodha anaweza kupita bila kutia nanga. Ndiyo maana sikubali tena kulipa fedha zote mapema popote. Arbuni ndogo, na iandikwe kwamba meli isipofika nitarudishiwa.

Kuna dada wa Dallas ameniuliza wiki hii. Anakwenda Juni na mama yake kutoka Tanga, safari ya Cozumel, Roatán na Costa Maya, na kaunta ya meli imeshampigia simu mara mbili kumuuzia klabu ya Mahahual. Dada, Cozumel mpeleke mama Mr. Sanchos, umkalishe majini. Roatán nendeni asubuhi na chupa ya mafuta ya nazi. Costa Maya bakini melini. Abiria wengi watakuwa wameshuka, bwawa litakuwa tupu mpaka saa nane, na chakula umeshakilipia.