Tuliwalipa wawezeshaji waje tupange mipango ya kijiji, nawapa nyota 3 na nusu

Kama kijiji chenu mnafikiria kuita wawezeshaji wa kulipwa ili mkae na wananchi mpange malengo ya miaka mitano, someni kwanza yaliyotukuta sisi. Jina lao siweki. Hela tulichanga wenyewe na vijana wetu walioko Dar, laki 9 kwa siku 3, na kwa kijiji laki 9 si mchezo.

Siku ya kwanza nusura ivurugike, maana watu walivyoona gari na flipchati swali la kwanza likawa posho shngapi. Dada aliyekuwa anaongoza akajibu bila kona kona, posho hakuna, kuna chai na chapati, na anayeondoka aondoke ila mwakani asije kulalamika tumepanga bila yeye. Kama 20 hivi wakaondoka, mchana wengi wakarudi, nadhani harufu ya chapati nayo ilichangia. Baadaye aliposema sasa tunachora chapati, yale maduara ya kuonyesha nani ana nguvu kijijini na nani yuko karibu na wananchi, mzee mmoja akanyoosha mkono akaomba yake iwe ya moto.

Ile O&OD ya serikali, njia ya kupanga mipango kwa kuangalia fursa na vikwazo, tulishaipitia zamani na ninachokumbuka ni orodha ndeeefu ya kuomba, zahanati, barabara, lambo, umeme, kila kitu kipaumbele namba moja. Hawa walianza kwa kututembeza kijiji kizima toka mtoni mpaka mlimani tukihesabu tulichonacho, na hapo ndo aibu ikatushika aisee. Maboma matatu ya nguvu za wananchi, darasa, nyumba ya mwalimu na zahanati, yote yamefika linta yakaishia hapo, miti imeota ndani, la zahanati kuna mtu anafungia mbuzi. Na asubuhi ile ile wazee walikuwa wanadai tuanze boma la nne, la ofisi ya kijiji!

Kwenye kuchagua vipaumbele wakatenganisha wanaume, kina mama na vijana, kila mtu punje 5 za mahindi anaweka kwenye mchoro anaoutaka. Za wanaume zikajaa ofisi na barabara. Kwa kina mama ofisi haikupata hata punje moja, zahanati mahindi yakamwagika chini. Hawa mama mikutano yote hukaa nyuma kimya, sasa tungejuaje? Mi naona kwa hilo tu hela yetu ilirudi. Tukakubaliana zahanati kwanza, hakianzi kitu kingine mpaka ipauliwe, ikaandikwa kitongoji gani kinasomba mchanga mwezi gani, nani anashika daftari la michango, na barua ya kuomba bati ifike halmashauri ya wilaya wakati bajeti bado inapangwa, si Juni wakati mwaka wao wa fedha unaanza Julai.

Sasa mabaya. Walitaka kuondoka na saini za halmashauri ya kijiji tu, mtendaji ndo akawashtua kwamba lazima mkutano mkuu wa kijiji uupitishe huo mpango, yaani mtu unamlipa halafu wewe ndo unamfundisha. Wafugaji hawakuonekana kabisa, kikao saa 3 asubuhi ng'ombe wako malishoni ulitegemea nini. Na ripoti ndo usiseme, kurasa 60 za maneno ya semina, imetumwa kwa imeili kwenye kijiji ambacho ofisi yake haina umeme (hapo wazee na ofisi yao walikuwa na hoja, nikiri). Sisi tulitaka karatasi moja kubwa ya kubandika ubaoni, kazi, mhusika, mwezi, basi.

Mkiwaita lipeni kwa mafungu. Sisi laki 2 bado tumezishikilia, jana mmoja wao kapiga simu, "mzee shikamoo, kile kiasi vipi?" Nikamwambia marahaba mwanangu, na ile karatasi yetu ya ubaoni vipi?