Rais au Bunge: Nani Atangaze Vita?

Kwetu Lamu, jirani na mpaka wa Somalia, swali hili si la darasani. Kaunti tuiweke kando mapema: Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeuacha ulinzi wa taifa kwa serikali kuu, na gavana hana kauli hapo. Wamebaki wawili.

Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Nguvu yake ni wepesi. Mpaka ukivamiwa usiku, nani atake kungoja wabunge wafike Nairobi? Hata hivyo Kifungu cha 132 kinamfunga: hutangaza vita kwa idhini ya Bunge.

Bunge ni zito kusogea, nami naona uzito huo ni kinga. Tazama hali ya hatari: Rais huitangaza mwenyewe, lakini haivuki siku 14 pasipo Bunge la Kitaifa kuirefusha, na mara ya kwanza yahitajika kura za thuluthi mbili ya wabunge wote.

Utata ni pale jeshi linapotumwa bila neno "vita" kutajwa. Oktoba 2011 wanajeshi wetu waliingia Somalia; 2015 operesheni dhidi ya wapiganaji wa al-Shabaab ikaanza msitu wa Boni, hapa hapa kwetu. Kifungu cha 241 chataka idhini ya Bunge la Kitaifa jeshi likipelekwa kurudisha amani ndani ya nchi. Mimi niko upande wa Bunge, tena bila kusita. Mbunge wa Lamu Mashariki huchaguliwa na wavuvi wa Kiunga, na marufuku ya kuvua usiku, iliyowekwa kwa sababu za usalama, iliwaumiza wao kwanza.